Kura Mlangoni: Haki ya Kuingia Shule na Haki ya Kubaki

Washarika wengi wa Dayosisi ya Iringa wanalijua jina la Saint Paul. Ni mji mkuu wa jimbo la Minnesota huko Marekani, na sinodi ya Kilutheri ya eneo hilo ina uhusiano wa miaka mingi na Dayosisi ya Iringa katika mpango uitwao Bega kwa Bega. Kwa njia ya uhusiano huo watoto wengi wamelipiwa ada za sekondari. Lakini wachache wanajua kwamba katika mji huohuo, mwaka 1992, ilifunguliwa shule ya kwanza ya aina mpya, ambayo tangu hapo imewagawa Wamarekani katika mjadala mkali: ni nani anayepaswa kuingia shuleni, na ni nani mwenye haki ya kumtoa mtoto aliyekwisha kuingia?

Mjadala huo ni wa Wamarekani, na una historia yake. Hata hivyo unatuhusu sisi watu wa Kanisa, kwa kuwa nasi tuna shule, tuna watoto wanaosubiri mlangoni, na tuna watoto wanaorudishwa nyumbani na sanduku kichwani. Katika insha hii nitaeleza kwanza historia yenyewe, kisha tutaitazama kwa mwanga wa Neno la Mungu.

Mlango wa shule za umma

Mtu asidhani kwamba kabla ya shule hizo mpya mambo yalikuwa ya haki. Katika majimbo ya kusini ya Marekani watoto weusi walikatazwa kwa sheria kusoma pamoja na watoto weupe, mpaka Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipotoa hukumu ya mwaka 1954 kwamba utengano huo ni kinyume cha katiba. Hata baada ya hukumu, wenye mamlaka walitafuta njia za kuikwepa. Wilaya ya Prince Edward, jimboni Virginia, ilizifunga shule zake zote za umma mwaka 1959 ili isilazimike kuwachanganya watoto. Watoto weupe walifunguliwa shule binafsi, na wazazi wao wakasaidiwa kulipa ada kwa fedha za serikali. Watoto wengi weusi walikaa bila shule kwa miaka 5, hadi Mahakama ilipoamuru milango ifunguliwe tena mwaka 1964.

Baada ya ubaguzi wa kisheria kuvunjwa, ulibaki ubaguzi wa anwani. Mtoto wa Marekani kwa kawaida husoma katika shule ya eneo analoishi, na sehemu kubwa ya fedha za shule hutokana na kodi za majumba ya eneo hilo. Mwenye nyumba ya bei kubwa hununua pamoja na nyumba nafasi ya shule nzuri. Mwaka 1974, katika kesi iliyohusu jiji la Detroit, Mahakama Kuu ilikataa kuzilazimisha wilaya za pembeni, zilizokuwa na watu weupe wengi, kushiriki mpango wa kuwachanganya watoto na wale wa jiji. Mwaka 2011 mama mmoja katika jimbo la Ohio alifungwa jela siku 9 kwa kutumia anwani ya baba yake ili watoto wake wapate shule bora. Kwa hiyo shule ya umma, ambayo kwa jina ni ya watu wote, nayo ilikuwa na mlango wenye bawabu. Bawabu huyo hakuuliza jina wala alama za mtihani. Aliuliza, unakaa wapi?

Lakini katika jambo moja shule za umma zilipiga hatua ambayo haifai kusahauliwa. Mwaka 1975 Mahakama Kuu iliamua kesi ya wanafunzi wa Columbus, Ohio, waliokuwa wamesimamishwa masomo hadi siku 10 bila kusikilizwa. Majaji 5 dhidi ya 4 walisema kwamba nafasi ya mtoto shuleni ni mali yake mbele ya sheria. Serikali haiwezi kumnyang'anya, hata kwa siku chache, bila kumwambia kosa lake na kumpa nafasi ya kueleza upande wake. Tangu hapo mkuu wa shule ya umma hana ruhusa ya kumwambia mtoto chukua begi lako uondoke, basi. Lazima kwanza kuwe na maneno mawili: umeshtakiwa hivi, nawe unasemaje?

Wazo jema la mwaka 1988

Neno lenyewe la shule za mkataba lilitoka kwa Ray Budde, mwalimu wa chuo kikuu huko Massachusetts. Aliyelipeleka kwa watu wengi ni Albert Shanker, kiongozi wa chama cha walimu. Mwaka 1988 Shanker alipendekeza kwamba kikundi cha walimu kiruhusiwe kuanzisha shule ndogo kwa mkataba maalumu. Shule hiyo ingelipwa na serikali na isingetoza ada, ila ingekuwa huru kujaribu njia mpya za kufundisha, hasa kwa watoto ambao shule za kawaida zilikuwa zimewashindwa. Ikifaulu, wengine wajifunze kwake. Ikishindwa, mkataba uvunjwe.

Minnesota ilikuwa ya kwanza kutunga sheria, mwaka 1991. Sheria hiyo ilianza kwa hofu, ikaruhusu shule 8 tu. Ya kwanza kufunguliwa ilikuwa City Academy, hapo Saint Paul, nayo ilifunguliwa kwa ajili ya vijana waliokwisha kuacha au kutupwa nje ya shule nyingine. Tuishike habari hiyo tunapoendelea: aina hii ya shule, ambayo baadaye ilishutumiwa kwamba inawatoa watoto wagumu, ilianza kwa kuwapokea watoto hao hao.

Leo shule za mkataba nchini Marekani ni zaidi ya 7,000. Nyingine zinaendeshwa na walimu na wazazi wa mtaa, nyingine na mashirika makubwa yenye shule nyingi. Shanker mwenyewe, kabla hajafa mwaka 1997, alikuwa amegeuka na kulipinga jambo alilolitangaza, kwa kuona makampuni yakiingia mahali alipotarajia walimu.

Kura na wale wasiofika kwenye kura

Shule ya mkataba hairuhusiwi kuchagua watoto kwa alama kama shule binafsi. Sheria ya taifa inasema kwamba shule inayopokea fedha za serikali kuu za kuanzishia, ikiwa waombaji wamezidi nafasi, ipige kura. Majina hutiwa pamoja na kutolewa moja moja. Wazazi hukaa ukumbini wakisubiri; wengine hupiga vigelegele, wengine hulia.

Sisi tunaosoma Biblia tunaijua kura. Nchi ya Kanaani iligawanywa kwa kura (Yoshua 18), na Mathiya alihesabiwa pamoja na mitume kwa kura (Matendo 1:26). Kura haimjui tajiri wala maskini, haipokei rushwa, haina mjomba. Kwa hiyo ni njia yenye heshima, na wanaozitetea shule hizi wana haki ya kuisifu. Hata imewasaidia watafiti. Katika jiji la Boston walilinganisha watoto walioshinda kura na wale walioshindwa, ambao wazazi wao wote walikuwa na hamu ileile, wakakuta walioshinda waliendelea vizuri zaidi katika hesabu na lugha. Manufaa yale yalikuwa ya kweli, na wengi wa watoto hao walikuwa maskini na weusi. Mtu anayezungumzia haki bila kuwataja hao hajasema habari yote.

Lakini kura humtendea haki yule tu ambaye jina lake limo ndani ya chombo. Je, mama anayefanya kazi mbili na kurudi nyumbani saa nne usiku ameisikia siku ya kura? Mgeni asiyejua Kiingereza amesoma tangazo? Mwaka 2016 watetezi wa haki za raia walipitia masharti ya shule za mkataba za jimbo la California, wakatangaza kwamba zaidi ya shule 250, yaani moja katika kila tano, zilikuwa na masharti yanayowafungia watoto wengine nje. Zipo zilizotaka alama za kiwango fulani, zilizotaka mtoto aandike insha au afanyiwe usaili, zilizotaka mzazi ajitolee saa kadhaa za kazi shuleni, na zilizouliza nyaraka zinazowatisha wahamiaji. Baada ya taarifa hiyo kutoka, shule nyingi ziliyafuta masharti hayo.

Tena kuna watoto wenye ulemavu. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa taarifa mwaka 2012: katika mwaka wa masomo 2009 hadi 2010, watoto wenye ulemavu walikuwa kama asilimia 8 katika shule za mkataba, na asilimia 11 katika shule nyingine za umma. Wengi wakasema, tazama, wanawafukuza. Mtafiti mmoja aliyewafuatilia watoto wa jiji la New York alikuta kwamba sababu kubwa haikuwa kufukuzwa. Wazazi wa watoto hao hawakuwa wameomba kwa wingi tangu mwanzo, na shule za mkataba zilikuwa nzito kumwandika mtoto kuwa mwenye mahitaji maalumu. Hili lina fundisho. Mlango waweza kuwa wazi kabisa na bado mtu asiingie, kwa kuwa amekwisha kuambiwa kwa namna elfu moja kwamba hapa si mahali pake.

Mlango wa nyuma

Ugomvi mkubwa zaidi, hata hivyo, umekuwa juu ya kutoka. Shule inaweza kupiga kura safi mbele ya watu wote, kisha ikachuja polepole wakati hakuna anayetazama.

Mfano mkubwa ni jiji la New Orleans. Baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005, jimbo la Louisiana lilizichukua shule zaidi ya 100 za jiji hilo, na hatua kwa hatua karibu zote zikawa za mkataba. Kila shule ilikuwa na namna yake ya kupokea na sheria yake ya kufukuza. Mzazi wa mtoto mlemavu alizunguka mlango kwa mlango, huku akiambiwa hatuna mwalimu wa mtoto wa namna hii. Mwaka 2010 mashtaka yalipelekwa mahakamani kwa ajili ya watoto hao, yakidai kwamba wengine walikataliwa na wengine walifukuzwa kwa matendo yaliyotokana na ulemavu wao. Mambo yakabadilika. Mwaka 2012 jiji lilianzisha fomu moja ya maombi kwa shule karibu zote, na utaratibu mmoja wa kusikiliza mashauri ya kufukuzwa. Tangu hapo shule moja peke yake haikuweza kumhukumu mtoto wake na kumtupa. Ilibidi shauri lisikilizwe na mtu asiye wa shule hiyo.

Mfano wa pili ni wa New York. Mwezi Oktoba 2015 gazeti la New York Times liliandika kwamba mkuu wa shule mojawapo ya mtandao wa Success Academy, huko Brooklyn, alikuwa na orodha ya watoto 16 chini ya kichwa kilichosema kwamba ni lazima waondoke. Watoto 9 kati yao waliondoka baadaye. Kiongozi wa mtandao huo, Eva Moskowitz, alisema orodha ile ilikuwa kosa la mtu mmoja lililosahihishwa haraka, na kwamba si desturi ya shule zake. Hatuna haja ya kumhukumu. Inatutosha kuona namna jambo lenyewe linavyofanyika. Mtoto hafukuzwi kwa barua. Mzazi huitwa katikati ya siku ya kazi, leo na kesho na keshokutwa. Mtoto husimamishwa mara nyingi. Mwishoni mzazi mwenyewe huchoka, akasema, basi nimpeleke kwingine. Kwenye daftari huandikwa kwamba amehama kwa hiari.

Mtandao huo pia ulikuwa na desturi ya kutopokea watoto wapya baada ya darasa la nne. Mtoto akiondoka, kiti chake hubaki kitupu. Chukua mfano wa hesabu tu: shule imeanza na watoto 100, 40 wanaondoka bila kujazwa, 60 wanafanya mtihani, 57 wanafaulu. Gazeti litaandika kwamba asilimia 95 wamefaulu, na hesabu itakuwa sahihi. Wakati huohuo shule ya umma ya jirani imewapokea hao 40 katikati ya mwaka, wale wenye matatizo mengi zaidi, nayo itaandikwa kuwa imeshindwa.

Sheria nazo ziliacha tundu. Huko California mahakama iliamua mwaka 2013 kwamba shule ya mkataba ingeweza kumwondoa mwanafunzi bila kikao cha kumsikiliza kama kile cha shule za kawaida, kwa kuwa anaweza kurudi katika shule ya eneo lake. Mwaka 2017 jimbo likatunga sheria kuziba tundu hilo: mzazi apewe taarifa kwa maandishi, na mtoto asikilizwe kabla ya kuondolewa.

Ili tusipendelee, tuseme pia kwamba shule za umma hazina mikono safi. Ziko zinazochagua kwa mtihani, kama Boston Latin na Stuyvesant ya New York. Baada ya sheria ya mwaka 1994 juu ya silaha shuleni, wilaya nyingi zilifuata ukali usiosamehe, na watoto weusi wakasimamishwa masomo kwa wingi kupita wenzao. Wazazi waliokimbilia shule za mkataba mara nyingi walikuwa wakitafuta kitu cha halali kabisa: darasa tulivu ambamo mtoto wao anaweza kumsikia mwalimu. Watoto 29 wanaotaka kusoma nao wana haki mbele ya mmoja anayevuruga. Ugumu wa jambo hili uko hapo, na anayesema ni jepesi hajawahi kusimama mbele ya darasa.

Neno la Mungu na shule zetu

Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani mwaka 1524 akiwataka waanzishe na kutunza shule kwa fedha za mji, kwa watoto wa kiume na wa kike. Aliona kwamba mji unatumia fedha nyingi kila mwaka kwa barabara na silaha, na akauliza kwa nini usitumie kwa ajili ya vijana maskini. Kwetu sisi Walutheri, basi, shule ya wote si wazo la kuazima kwa wanasiasa. Ni sehemu ya urithi wetu.

Biblia ina habari ya kufukuzwa tangu kurasa zake za kwanza. Adamu na Hawa walitolewa bustanini, na kosa lao lilikuwa la kweli. Lakini angalieni utaratibu wa Mungu katika Mwanzo 3. Kwanza aliita na kuuliza, ingawa alijua. Akamsikiliza mwanamume, akamsikiliza mwanamke. Ndipo akatoa hukumu. Na kabla ya kuwatoa aliwafanyia mavazi ya ngozi, akawavika. Hakuwatoa uchi. Nikodemo naye aliwauliza wakuu wenzake kama torati yao humhukumu mtu kabla ya kumsikia (Yohana 7:51). Majaji wa mwaka 1975 hawakuwa wakifafanua Maandiko, lakini walifika penye mlango uleule.

Tena Bwana wetu alipotaja kondoo 100, hakuhesabu ubora wa wale 99. Alimhesabu aliyepungua (Mathayo 18:12-14), naye alisema hayo akiwa ameweka mtoto mdogo katikati ya wanafunzi. Mchungaji anayejisifu kwamba kondoo wote waliobaki ni wanono, bila kusema wangapi alianza nao, hajatoa hesabu.

Hapa ndipo historia ya Wamarekani inapotugusa. Shule zetu za Kanisa zilijengwa kwa sadaka na kwa tofali zilizobebwa na washarika. Tunazipenda, na tunafurahi matokeo yakitoka vizuri. Lakini kila mzazi katika nchi hii analijua neno mchujo. Shule huweka wastani wake juu ya ule wa taifa. Mtoto asiyeufikia hukaririshwa darasa, au huambiwa ahame kabla ya mtihani wa kidato cha pili au cha nne, asije akaliharibu jina la shule. Serikali imekemea jambo hilo mara nyingi. Kanisa linapaswa kulikemea kwa sababu iliyo kubwa kuliko waraka wa wizara, kwa kuwa mtoto huyo amebatizwa, au ni jirani aliyetumwa kwetu, na bibi yake alitoa kuku mnadani ili bweni lile liezekwe.

Simaanishi kwamba mtoto yeyote asitolewe kamwe. Yako makosa yanayohatarisha wengine, na mkuu wa shule anahitaji mamlaka. Wala sisemi kwamba shule ya Kanisa iache kutafuta ufaulu. Nasema kwamba kutofaulu si kosa la nidhamu. Mtoto anayeshindwa hesabu ndiye sababu ya shule kuwapo.

Kwa hiyo washarika, hasa wajumbe wa mabaraza na bodi za shule, wanaweza kuuliza maswali manne katika kikao kijacho. Kidato cha kwanza walianza wangapi, na kidato cha nne wamemaliza wangapi? Walioondoka wako wapi? Kabla ya kuondoka, nani aliwasikiliza, na je, alikuwapo mtu asiye wa shule hiyo? Na watoto wenye ulemavu ni wangapi kati yetu? Maswali haya hayahitaji fedha. Yanahitaji tu mtu wa kuyauliza, na daftari lililoandikwa kwa ukweli.

City Academy ya Saint Paul ilifungua mlango kwa waliotupwa na wengine. Hapo ndipo shule za mkataba zilipoanzia, na ndipo zinapoitwa kurudi kila zinapopotea njia. Shule zetu nazo zilianzia mahali kama hapo. Mungu atujalie kuwatendea watoto wake haki wanapoingia, na haki iyo hiyo wanapotaka kubaki.